Kigoda, Kibuyu na Tumbo la Mokami

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kumwoa sungura, bali zamani ya karibu tu, mabati yalipokuwa yameshafika vijijini na redio zinaimba, palikuwa na mtoto aliyeitwa Mokami, na tumbo lake lilikuwa limefunga.

Mnacheka. Chekeni sasa mmalize, maana hadithi hii ni ya choo na sitaifunika kwa majani ya mgomba ili ionekane ya adabu. Mtoto asiyepata choo anaweza kufa kama mtoto asiyepata maji. Anayeona haya aondoke. Atakayebaki ajue kwamba mwishoni nitamuuliza swali, na sitakubali anijibu kwa kukohoa.

Kijiji kiliitwa Isarara. Kimekaa mgongoni mwa kilima, na chini yake unapita mto. Ng'ambo ya mto ndiko iliko sekondari. Upande huu ndiko lilikokuwa boma la Magabe, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Mkewe aliitwa Robi. Mama yake Magabe, Bibi Wankuru, aliishi nyumba ya pili humo humo bomani. Watoto walikuwa wawili: Weigesa, msichana wa miaka kumi na mitano, aliyekianza kidato cha kwanza asikimalize, na Mokami, wa miaka mitano. Kwa nini Weigesa hakukimaliza, mtasikia sasa hivi.

Mokami alizaliwa mzima. Alipofika miaka mitatu akaanza kushikwa na homa za mara kwa mara. Kila homa ilipokuja, Robi alikimbilia duka la dawa akanunua vile vidonge vya rangi mbili ambavyo unavifungua na kumwaga unga wake kwenye kijiko. Homa ya mafua, vidonge. Homa ya meno, vidonge. Homa ya kunyeshewa mvua, vidonge. Homa ziliondoka, lakini tumbo nalo likaanza kufunga. Siku tatu bila choo. Kisha siku tano. Kisha siku tisa.

Choo kilipokuja kilikuja kama jiwe, na damu, na mtoto akalia mpaka mbwa wakabweka. Basi Mokami akajifundisha jambo moja bila mwalimu. Akajifundisha kuzuia. Akisikia haja inakuja, anajificha nyuma ya ghala la mahindi, anasimama kwa vidole vya miguu, anabana miguu kama mkasi, anashika ukuta, mpaka haja ichoke irudi. Kadiri alivyozuia ndivyo kilivyokauka. Kadiri kilivyokauka ndivyo kilivyouma. Kadiri kilivyouma ndivyo alivyozuia.

Halafu majimaji yakawa yanavuja pembeni ya kile kigumu, yanachafua nguo, naye hana habari. Robi akadhani ni uvivu wa kwenda chooni. Akamchapa. Watoto wa jirani wakampa jina, wakamwita Ngoma kwa sababu ya tumbo. Walipita nje ya boma wakiimba, "Ngoma, Ngoma, ikipigwa inanuka."

Aliyefua ni Weigesa. Alifua asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Siku moja Magabe akasema, akiwa amesimama zizini, kwamba mama hawezi kukamua, kupika, kulima na kuangalia mgonjwa peke yake, basi Weigesa akae nyumbani kwanza, mpaka mtoto apone. Weigesa akavua sare, akaikunja, akaiweka chini ya godoro ili isipoteze mikunjo yake. Alidhani ni wiki mbili. Ukawa mwaka. Ukawa mwaka na nusu.

Kiangazi kikafika. Mokami akakataa chakula, akatapika, tumbo likawa gumu kama ubao. Siku ya kumi na tatu bila choo alianguka mlangoni. Magabe akambeba akamlaza karibu na moto, na hapo akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Nisimame kidogo niwaeleze desturi ya boma lile. Neno likisemwa zizini ni neno tu, upepo unaweza kulichukua. Lakini neno likisemwa na mtu aliyeweka kiganja juu ya figa, lile jiwe la mekoni, neno hilo halirudi. Halikatwi vipande likagawanywa. Na mtu haweki kiganja mara mbili kwa jambo moja.

Magabe akaweka kiganja juu ya figa likiwa la moto. Akasema, "Atakayemponya mwanangu ataniomba neno moja. Moja tu. Nami sitalikataa."

Alipouondoa mkono, ngozi ilikuwa imebabuka. Wote waliokuwemo waliona.

Weigesa hakungoja. Alimfunga Mokami mgongoni kwa khanga, akatembea nusu siku mpaka zahanati. Pale palikuwa na daktari kijana aliyeitwa Lusekelo, mtu wa kusini, mwenye kuzungumza taratibu kama anayehofia kumwamsha mtu. Alimlaza Mokami, akalibonyeza tumbo polepole, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Je, mtoto husimama kwa vidole? Hujificha? Amekula vidonge vingi? Weigesa akajibu yote. Daktari akamwambia kwamba mtoto si mvivu na wala hakurogwa. Ameziba, na kile kinachovuja ni kinachopenya pembeni.

Akaeleza kwamba ndani ya utumbo wanaishi viumbe wadogo wasioonekana, wengi kuliko nyasi za malisho, na walio wengi ni wema. Hao husaidia chakula kilainike na kisogee. Vidonge vile viliua wabaya na wema pamoja.

"Ni kama kuchoma shamba zima kwa sababu ya panya mmoja," akasema. "Panya amekufa, sawa. Na mahindi je?"

Akampa Mokami poda ya kulainisha, ya kuchanganya na maji, akakataa waondoke kabla haijafanya kazi. Siku ya tatu Mokami akafunguka. Alilia, akatokwa jasho, kisha akalala usingizi mzito. Kilichotoka siwatajii. Ndoo inajua.

Walipokuwa wanaaga, daktari akatoa maagizo. Maji mengi. Mboga za majani na maharage. Kila asubuhi baada ya uji mtoto aketishwe chooni, miguu yake ikikanyaga kitu kilichoinuka, asiharakishwe. Vyombo viwe safi. Na kama nyumbani yapo maziwa ya mgando, apewe, kwa sababu yana viumbe hai na huenda yakawarudisha wale wema waliochomwa. Weigesa akamuuliza kama ana hakika.

"Sina," akasema Lusekelo. "Wengine yamewasaidia, wengine hapana. Lakini hayatamdhuru."

Weigesa alimheshimu kwa jibu hilo kuliko alivyomheshimu kwa poda.

Poda ilikuwa ya wiki tatu, na zahanati haikuwa na nyingine. Ilipokwisha, tumbo likaanza kufunga tena. Macho yote yakageukia kibuyu cha Bibi Wankuru.

Kilikuwa kibuyu cheusi, kinachong'aa kwa kushikwashikwa, alichokuja nacho siku alipoolewa. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya maziwa, yaani ule mgando kidogo unaobakizwa chini ili ugandishe maziwa mapya. Mbegu ile alipewa na mama yake, aliyepewa na mama yake. Kibuyu kile hakitiwi maji. Husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti mpaka kinukie moshi. Na mbegu haitoki nje ya boma ila kwa binti anayeolewa.

Weigesa akamweleza bibi yake habari za viumbe wadogo wanaoishi kwenye mgando. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka hamsini nawalisha humu," akasema, "leo kijana wa poda ndiye ananitambulisha kwao?"

Lakini Robi alikuwa amelishika neno jingine la daktari, lile la vyombo safi. Msimhukumu upesi. Alikuwa ameambiwa kwamba vidonge alivyonunua kwa mapenzi ndivyo vilivyochoma shamba, na hakutaka kukosea tena. Siku Bibi alipokwenda kuchuma mboga, Robi akachemsha maji, akatia sabuni ya unga, akamimina ndani ya kibuyu, akasukasuka, akamwaga. Akarudia mara tatu. Kisha akakianika juani, na Bibi aliporudi akamwambia kwa furaha kwamba sasa kibuyu ni safi kama cha hospitali.

Bibi hakupiga kelele. Alikichukua, akakinusa, akakaa chini palepale mavumbini.

Walitia maziwa mapya. Siku ya pili yalinuka. Siku ya tatu walimwekea mbwa, naye akayakataa. Mbegu ilikuwa imekufa.

Mbegu kama ile ilibaki mahali pamoja tu duniani, nyumbani kwa Nyangi, dada yake Bibi, katika kijiji walikozaliwa, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Na Bibi alikuwa ameapa, siku ya maziko ya mama yao, kwamba hatavuka kizingiti cha Nyangi mpaka Nyangi amwombe radhi. Nyangi naye alikuwa ameapa vivyo hivyo. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Bibi akachukua fimbo. Siku mbili kwenda. Alipofika mlangoni kwa dada yake alipiga magoti akasema maneno matatu tu, "Nimekosa. Nipe mbegu." Hakuwa amekosa, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hakukosa. Lakini alisema. Siku mbili kurudi, na kibuyu kidogo kimefungwa tumboni chini ya nguo, ili jua lisikichemshe na baridi ya kilimani isikiue. Magoti yake yalivimba njiani, na tangu siku hiyo hatembei bila kushikwa mkono.

Mokami akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Siku ya nne tumbo likaanza kunguruma. Wiki ya pili upepo ukatoka, mrefu, mbele ya watu wote, na Mokami akacheka, jambo ambalo hawakuwa wamelisikia kwa muda mrefu.

Lakini choo hakikutoka ila kidogo kidogo, kwa kumponyoka. Tumbo lilikuwa limelainika, mtoto ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa anakumbuka maumivu. Akisikia haja, mbio nyuma ya ghala.

Hapo ndipo kazi ya Weigesa ilipoanza, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu kazi za namna hii watu huziruka wanaposimulia.

Kwanza, Mokami aliogopa shimo la choo. Weigesa akapanga matofali, akaweka ubao wenye tundu dogo, ili mtoto akae asiogope kuanguka. Sasa miguu ikawa inaning'inia, na daktari alisema ikanyage kitu. Akaweka jiwe, likabingirika. Akaweka ndoo, ikawa ndefu mno. Katika boma lote kitu kimoja tu kilikuwa na kimo kinachofaa, nacho ni kigoda cha Magabe, cha miguu mitatu, alichoachiwa na marehemu baba yake. Mwanamke hakikalii. Mtoto hakigusi.

Kila asubuhi Magabe alipopeleka ng'ombe mtoni, Weigesa alikichukua kigoda, akakiingiza chooni, akakiweka chini ya miguu ya Mokami. Wakimaliza alikisugua kwa majivu akakirudisha mahali pake. Hakufanya hivyo kwa kutojua. Alijua vizuri kabisa.

Kisha akampa Mokami mrija wa kunywea togwa na bakuli la maji, apulize mapovu, kwa sababu aliona kwamba anayepuliza kwa nguvu husukuma tumbo bila kujua. Akawa anamsimulia hadithi, nusu tu, na nusu iliyobaki humwambia akikubali kukaa tena kesho. Asubuhi nyingine Mokami alikaa, asubuhi nyingine alipiga mateke. Asubuhi moja alimng'ata Weigesa mkono, na alama ipo.

Wale watoto wa jirani walikuja siku moja kuimba wimbo wao wa Ngoma. Weigesa akatoka na bakuli mkononi. Hakuwafukuza. Aliwapanga mstari kama mwalimu wa zamu.

"Aliyeenda choo leo ainue mkono," akasema.

Wakatazamana. Mikono miwili ikainuka. Mvulana mmoja mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Na wewe, mwimbaji? Tangu lini?"

"Juzi," akanong'ona. "Juzi ya ile juzi."

"Basi karibu. Ubao upo."

Wimbo ule haukuimbwa tena Isarara.

Asubuhi sitini na moja zilipita hivyo. Asubuhi ya sitini na mbili Mokami alikaa, akaweka miguu kwenye kigoda, akashika mrija, kisha akamtazama dada yake akasema, "Toka nje."

Weigesa akatoka. Akasimama ukutani. Akasikia mapovu. Akasikia kimya. Akasikia mapovu tena. Kisha sauti ndogo ikaja kutoka ndani: "Dada, kimetoka. Hakikuuma."

Kuanzia siku hiyo kikawa kinatoka kila asubuhi. Mwezi mmoja. Miezi miwili. Miezi mitatu. Mokami akanenepa mashavu. Daktari Lusekelo akaja kwa pikipiki, akalibonyeza tumbo, akalikuta laini kama unga uliokandwa vizuri, akasema mtoto amepona.

Basi Magabe akawaita wote jikoni, moto wa asubuhi ukiwa unawaka. Desturi ilimtaka ataje jina la mshindi kabla moto ule haujazimika. Akakaa juu ya kigoda chake, akasema yuko tayari kuombwa.

Daktari akasema kwanza, kwa kuwa ni mgeni. Alisema taratibu kama kawaida yake. Alisema bila yeye Mokami angekufa kiangazi kile kile, kwa sababu maziwa hayapiti palipoziba na hadithi hazipiti palipoziba. Akasema hajui kwa hakika kama ni mbegu ya Bibi iliyomaliza kazi, lakini anataka kujua. Kwenye daftari lake ana watoto wengine kumi na wawili wenye tumbo kama la Mokami.

"Mdogo wao ana miaka mitatu," akasema. "Neno langu, mzee, ni hili. Nipewe mbegu ya kibuyu niwapelekee."

Bibi Wankuru akagonga fimbo chini. Alisema poda ilikwisha na tumbo likafunga tena, wote waliona. Bila mbegu yake wangekuwa bado wanafua. Akasema mbegu haitoki bomani ila na binti anayeolewa, na daktari haolewi na mtu humu. Kisha sauti yake ikashuka.

"Magabe, mwanangu, nilimpigia magoti Nyangi. Magoti yenyewe ndiyo haya, yamekwisha. Nikifa kesho, kibuyu kitashikwa na nani? Neno langu ni Weigesa. Abaki nyumbani, nimfundishe, apokee. Akienda shule, mbegu itakufa mara ya pili, na Mokami akifunga tena mtamwendea nani?"

Robi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akasema yeye ana kosa na hana dai. Lakini akauliza jambo moja. Miaka kumi na sita ameishi katika boma lile, je, ni nani aliyewahi kumwonyesha kijinga kinavyoshikwa? Bibi akajibu kwamba mbegu hufuata damu ya mabinti, mke wa mwana hafundishwi, ndivyo alivyokuta. Robi akasema, "Basi mama, damu ndiyo iliyonifanya nichemshe maji."

Akaja Weigesa. Hakupiga magoti. Alisimama.

Alisema poda ilizibua, lakini poda haikukaa chooni. Mbegu ililainisha, lakini mbegu haikung'atwa mkono. Asubuhi sitini na moja alikaa na mtoto ambaye hakutaka kukaa. Kisha, kabla hajaulizwa, akamwambia baba yake kuhusu kigoda.

Magabe alikuwa amekikalia. Akakitazama katikati ya magoti yake. Akasimama polepole, kama mtu aliyekalia kaa la moto na hataki wengine wajue. Daktari akageukia ukutani akakohoa. Bibi akasema aliyekidhalilisha kigoda cha mababu hana dai lolote humu ndani.

"Kigoda hakikuwahi kulia, baba," Weigesa akasema. "Mtoto ndiye aliyekuwa analia."

Magabe akamuuliza anataka nini.

"Shule. Uliniambia nikae mpaka apone. Amepona."

Magabe akasema anakumbuka, lakini neno lile alilisema zizini.

"Najua ulilisemea wapi," Weigesa akasema. "Ndiyo maana leo nimekuja kulidai kwenye figa."

Moto ukawa unapungua. Magabe akatazama mmoja, akatazama wa pili, akatazama wa tatu. Hapo sauti ndogo ikasema kutoka nyuma ya khanga ya Robi, "Na mimi je?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Mokami. Daktari alimwandika, Bibi alimnywesha, Weigesa alimkalisha, lakini hakuna aliyemuuliza. Akajitokeza katikati, tumbo lake limeingia ndani kama la watoto wengine.

"Mlinipa dawa mdomoni," akasema. "Mlinipa maziwa mdomoni. Mlinipa mrija mdomoni. Siku ile mlikuwa nje wote. Aliyeachia ni mimi."

Daktari akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alijua ni kweli. Poda yote ya duniani haimshindi mtoto aliyeamua kuzuia. Magabe akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamuuliza neno lake ni lipi.

"Dada asiende," Mokami akasema. "Akae na mimi asubuhi."

Sasa sikilizeni vizuri. Huenda mnangoja niseme kwamba Weigesa alilia, akamkumbatia mdogo wake, akaliacha dai lake. Hakuliacha. Aliinua kichwa akasema, "Ana haki ya kudai. Na mimi nadai. Nampenda, na nadai."

Vijinga viwili vilikuwa bado vinawaka. Kikabaki kimoja.

Nimeshawasimulia watu wengi hadithi hii, na kila mara wapo wanaojibu haraka. Wananiambia wagawane. Hawagawani, nimeshawaambia neno ni moja. Wananiambia shule ipo tu, haikimbii. Wanaosema hivyo wameshasoma, au hawakutaka kusoma. Wananiambia watoto kumi na wawili ni wengi kuliko msichana mmoja. Ni kweli, na mtu aende akamwambie huyo msichana usoni, siyo mimi. Wananiambia mwenye mbegu ni mwenye mbegu. Sawa, lakini mbegu ile iliombwa kwa magoti, na magoti hayo hayo sasa yanataka kumfunga mtu mwingine. Wananiambia Mokami ni mtoto, hajui anachotaka. Walisema hivyo hivyo kuhusu tumbo lake, mpaka akaanguka mlangoni.

Kwa hiyo msinijibu haraka. Tazameni kile kijinga cha mwisho kinavyokuwa chekundu na kupauka. Tazameni kovu kwenye kiganja cha Magabe. Amefungua mdomo, na jina moja linatoka, moja tu, na anayebaki bila neno atalibeba hilo maisha yake yote: daktari na daftari lake, Bibi na magoti yake, Weigesa na sare iliyo chini ya godoro, Mokami na asubuhi zake.

Wewe uliyecheka hapo mwanzo, sogea karibu, weka kiganja chako juu ya figa, usikohoe. Je, nani alistahili neno lile?